Kamba Iliyofuliwa kwa Jiki

Nimekutana na wajinga wa kila aina, na wengi wao nimewasamehe, maana hata mimi sikuzaliwa najua. Lakini mtu aliyechukua kamba ya kupandia miti, akaitumbukiza kwenye beseni la jiki ili mgeni aikute inang'aa, huyo sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe. Alikuwa bosi wangu. Alikuwa Msukuma mwenzangu, tena wa huko huko Tinde nilikokulia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kabla ya kuwa bosi alikuwa mtu wa geti kwenye mgodi mmoja huko ukanda wa Geita. Kazi yake ilikuwa kuwapa wageni reflekta na kofia ngumu wakiingia, na kuzipokea wakitoka. Shimoni hakuwahi kushuka. Ila alikaa getini muda wa kutosha kusikia maneno ya wakubwa wakipita, akayabeba, akarudi nayo Shinyanga mjini kama mtu aliyerudi na mali. Akakodi kiwanja nyuma ya maghala ya pamba, akanunua pikapu chakavu, chenso mbili za kukatia miti, mikanda ya kupandia na kamba, akatutafuta sisi tunaojua kupanda. Tulikuwa tunakata mijohoro iliyoegemea nyaya, mikaratusi iliyoinamia mapaa ya shule, na mti wowote uliomnyima mtu usingizi.

Kwenye geti letu alichoresha bango la mtu aliye juu ya mti, amevaa reflekta ya machungwa, na chini yake maneno USALAMA KWANZA. Mchoraji alimchorea yule mtu kamba nzuri ya bluu inayotoka kiunoni, inapanda, inapita tawi, halafu inaishia hewani. Haikufungwa popote. Nilimwonyesha bosi. Akaniambia kwamba watu wanaangalia rangi, hawaangalii fundo. Nilipaswa kuondoka siku ile ile, lakini nilikuwa na watoto wanaokula.

Kila asubuhi tulisimama mstari, tumevaa reflekta, tukasali, kisha yeye akaita "Usalama" na sisi tukajibu "Kwanza". Hata mama lishe aliyetupikia kwenye kona ya kiwanja alipewa reflekta yake. Yeye aliitumia kuepulia sufuria, na kwa maoni yangu ndiyo reflekta pekee iliyowahi kumkinga mtu na ajali pale kiwanjani.

Mimi nilisoma chuo cha misitu, na sijioni mnyenyekevu kwa hilo. Huko tulifundishwa kwamba kamba haikaguliwi kwa macho ukiwa umesimama na mikono mfukoni. Unakaa chini, unavua glovu, unaipitisha kiganjani kutoka ncha hadi ncha, polepole, unaikunja kila mahali uone kama inakubali. Unatafuta palipolainika kupita kiasi, palipokakamaa, palipokonda, palipoota manyoya. Unainusa. Mkanda nao unaugeuza ndani nje, unaangalia uzi wa mshono mmoja baada ya mwingine. Kofia unaibonyeza na kuitafutia ufa. Ukipata shaka, hata ndogo, huiwekei kamba kikao. Unaikata vipande vifupi hapo hapo, ili asije mtu mwingine akaiokota na kuiamini.

Sheria hiyo ya kukata ndiyo bosi hakuwahi kuimeza. Kamba ikichoka kwetu, yeye aliikunja vizuri na kuipeleka Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo, ambao huifunga kwenye winchi ya mbao na kuteremshana nayo kwenye duara, yaani mashimo yao ya dhahabu. Kamba iliyokataliwa na mtu wa mtini ilishuka na mtu wa shimoni. Nilipomwambia kwamba huko nako kuna watu, alinijibu kwamba wale wamezoea. Tulipoomba vifaa vipya alikuwa na methali yake moja, aliyoitoa huku akijinyoosha kwenye kiti cha plastiki: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Aliipenda sana methali hiyo. Alikuwa na mbuzi kweli pale kiwanjani, kwa hiyo alikuwa akiitoa na kumwelekeza mbuzi kwa kidole.

Mpandaji mwenzangu alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, Mkatoliki wa kupigiwa mfano, mtu mwembamba anayepanda mkaratusi bila kutikisa jani. Ndiye msimamizi wa ubatizo wa mwanangu wa pili, kwa hiyo kati yetu kulikuwa na zaidi ya kazi. Nilimpenda, na bado nampenda, lakini alikuwa na udhaifu mmoja ulionikera kuliko ujinga wa bosi. Alifunga rozari kwenye mkanda wake wa kupandia, akaihesabu kama kifaa. Nikimwambia mshono umelegea, ananionyesha rozari. Nilimwambia kwamba Bikira Maria hajawahi kuahidi kushikilia nailoni. Hakupenda, tukanuniana mpaka mchana, kisha tukala pamoja.

Basi ikaja kazi kubwa. Shule moja ya wasichana kwenye barabara ya Tinde ilikuwa na mikaratusi mirefu iliyoinamia bweni. Sista mkuu wa shule hiyo alikubali tuje, ila akasema kwanza atafika kiwanjani kwetu kuona vifaa na kuona mtu akipanda, maana hataki watu wa kubahatisha juu ya vichwa vya watoto wake. Mimi nilifurahi. Nikasema hatimaye amepatikana mteja mwenye akili. Bosi naye alifurahi, lakini kwa sababu zake. Kwake ukaguzi ulikuwa ugeni, na mgeni anapigiwa deki.

Nilikwenda nyumbani kumzika mjomba. Niliporudi nilikuta kiwanja kimefagiliwa mpaka mchanga unaonyesha njia za ufagio. Kofia zetu zote zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta, nyekundu inayong'aa, kwa hiyo kama zilikuwa na nyufa, nyufa nazo zilikuwa nyekundu zinazong'aa. Rangi hiyo yenyewe inakula plastiki. Mikanda ilikuwa imesuguliwa kwa dawa ya viatu nyeusi mpaka mshono hauonekani hata ukiutafuta kwa kurunzi. Na juu ya paa la mabati la stoo, kwenye jua la Shinyanga linalopasua udongo, ilikuwa imeanikwa kamba yetu kubwa ya nailoni. Ilikuwa nyeupe. Niliiacha ina rangi ya vumbi na utomvu, kama kamba yoyote iliyofanya kazi, nikaikuta nyeupe kama shuka la hoteli.

Mama lishe ndiye aliyenisimulia. Bosi aliilaza kwenye beseni la jiki usiku kucha. Asubuhi akaona bado haijatakata, akaongeza jiki bila maji, akailaza tena. Kisha akaianika juu ya bati, ikakaa hapo tangu siku hiyo.

Nikaiteremsha, nikavua glovu, nikakaa nayo. Sikuhitaji kufika mbali. Ilikuwa imekakamaa kama ugali wa jana, na nilipoikunja ilitoa sauti ndogo ya kukwaruza, na nyuzi zake zikaacha unga mweupe kwenye vidole vyangu. Nilimwita bosi, nikamwambia kamba imekufa, na imeuawa na yeye.

Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mke. Alisema ameifua kwa mikono yake mwenyewe, hakumpa hata mfanyakazi. Alisema ukakamavu ule ni dalili ya kukaza, na kamba iliyokaza ndiyo kamba imara. Akachukua ncha yake, akaipangusa kwa kitambaa cha mfukoni.

"Wewe si msomi?" akaniuliza. "Kamba hukatikia pabovu. Haya, nionyeshe pabovu ni wapi."

Nikamwambia hapana pa kuonyesha, yote ni pabovu. Nikamwomba basi tuifunge kwenye pikapu na kisiki, tuivute, tuone. Akakataa. Alisema sasa nataka kuichafua kabla Sista hajaiona.

Nilicheka, maana nilikuwa sina kingine cha kufanya na uso wangu. Nikamwambia sitaipanda. Akasema hakuna tabu, mwenzako ataipanda mbele ya Sista, kwenye mkaratusi huu wa uani. Nikasema itabidi ikatwe vipande. Hapo akapandisha sauti. Alisema kwa Wasukuma kamba haikatwi, kwamba ukikata kamba umekata ng'ombe wa baba yako. Nimezaliwa Usukumani, nimechunga ng'ombe Usukumani, na desturi hiyo niliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, nadhani na yeye pia. Akamalizia kwamba kama sisi wasomi hatuitaki, baada ya Sista itakwenda Nyarugusu. Akaibeba kamba, akaifungia ofisini na ufunguo akautia mfukoni.

Nilimfuata mwenzangu. Alikuwa ameketi kwenye tofali anapaka mkanda wake dawa ya viatu, kwa utii. Nikamweleza jiki inachofanya kwenye nailoni. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akasema kazi ya bweni ni kubwa, mke wake anakaribia kujifungua, na bosi amemwahidi kwamba atakayempandia Sista ndiye atakayesimamia kazi yote. Nikamwambia kwamba atakayempandia Sista ndiye atakayezikwa na Sista. Akafunika mkebe wa dawa ya viatu. Halafu akashika rozari.

Ningeweza kuvunja ofisi na kuikata mwenyewe. Lakini ningeikata mimi ningekuwa mharibifu wa mali, ningelala mahabusu, na bosi angetafuta nyingine mbovu zaidi kesho yake. Alihitajika mtu ambaye akimharibia bosi mali, bosi hana ruhusa ya kukasirika. Na mtu huyo alikuwepo, anamenya viazi.

Mama lishe wetu alikuwa Mzaramo, amefuata mume bara, mume akafa, yeye akabaki na masufuria yake. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, na mtani ana haki ambazo hata polisi hana. Kila siku walirushiana maneno na bosi. Yeye alimwambia Msukuma huja mjini amefungwa pamoja na ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayejua njia. Bosi alimwambia Mzaramo hawezi kuchemsha maji mpaka ngoma ipigwe. Mwaka mmoja mama lishe alimvua bosi kofia yake mpya ya pama mbele ya wateja, akaivaa, akaenda nayo sokoni, na haikurudi. Bosi alicheka mpaka machozi, maana mtu anayemkasirikia mtani hudharauliwa na ukoo mzima. Bosi aliogopa dharau kuliko alivyoogopa kuanguka, kwa vile yeye hapandi.

Nikamweleza yote. Nilisema kwamba kamba ile itamuua msimamizi wa mwanangu, na ikimkosa yeye itamuua mtu Nyarugusu. Hakuniuliza chochote kuhusu nailoni.

"Atatoa saa ngapi hiyo maiti nje?" ndilo lililomtoka, na akaendelea kumenya.

Sista alifika asubuhi, mfupi, mtu mzima, na Kiswahili chake kilinionyesha mara moja kwamba ni binti wa Kisukuma. Bosi alimpokea kwa "mwangaluka" iliyonyooka, salamu yetu ya asubuhi, akamvisha reflekta juu ya shela, akamwonyesha bango. Kwenye turubai la bluu katikati ya kiwanja alikuwa amepanga kila kitu: kofia nyekundu, mikanda myeusi, na kamba katikati imezungushwa kama chatu mweupe. Mwenzangu alisimama kando amevaa mkanda, uso umemkauka, tayari. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya mkaratusi, na nilikwisha kuamua kwamba mama lishe asipotokea nitaushika mguu wa mwenzangu na sitauachia, hata kama Sista ataniona mwendawazimu.

Bosi akaanza hotuba. Alisema kampuni yake inakagua vifaa kila siku. Akainua ncha ya kamba kwa mikono miwili, akamwambia Sista aangalie usafi wake. Akamwashiria mwenzangu asogee afungwe. Mwenzangu akasogea.

Kilio kikasikika kutoka jikoni. Mama lishe alitokea amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani kama mfiwa, analia kwa sauti ya msibani kabisa, na mkononi ana panga la kupasulia kuni. Alipita kati ya bosi na Sista bila kusalimia, akajitupa juu ya turubai, akaikumbatia kamba.

"Mtani wangu una roho gani?" akasema. "Maiti umeiosha mwenyewe, umeianika, umeivisha sanda nyeupe, halafu unawaonyesha wageni badala ya kuizika."

Wafanyakazi wakaanza kucheka. Mama lishe akaivuta kamba kutoka mikononi mwa bosi, akailaza juu ya gogo la kuni, akapiga panga. Akapiga tena, akasogeza, akapiga. Kila pigo alitaja jina la ukoo fulani wa Kisukuma anaourithisha kipande, na kila kipande alikirusha upande wake. Panga lile halikuwa kali, nalijua, lilikuwa linashindwa na ukuni mbichi. Kamba ilikatika kama bua la mtama.

Bosi alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kila mtu anasubiri aone kama atakasirika mbele ya mtani. Akacheka. Sijawahi kuona mtu akicheka kwa taabu vile. Mama lishe akadai kuku wa kuondolea msiba, la sivyo na turubai analikata, na bosi akaahidi kuku.

Sista alikuwa anajua utani kama sisi. Alisubiri mpaka vicheko vikapungua.

"Pole na msiba," akamwambia mama lishe. "Marehemu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Usafi, Sista."

Sista akaokota kipande, akakikunja, akasikiliza, akaangalia unga ulioachwa kwenye vidole vyake. Akavua reflekta, akaikunja, akamrudishia bosi. Alisema ataondoka kwanza ili familia imalize matanga, na kwamba ikipatikana kamba nyingine atakuja kuiangalia, ikiwezekana chafu.

Sitasema kwamba siku hiyo tuliibuka mashujaa. Bosi hakuweza kumkasirikia mtani, hivyo hasira yote akaimalizia kwangu, akaninyima kazi za chenso. Mwenzangu naye hakunisemesha. Kwake mimi nilikuwa mtu aliyempokonya usimamizi wa kazi kubwa, mke akiwa anakaribia kujifungua, kwa sababu ya maneno ya chuoni. Alikula mbali nami. Nilimwona akiokota kipande kimoja, anakivuta kwa mikono, kinakataa kukatika, ananitazama. Mtu mwembamba akivuta kamba kwa mikono anadhani amepima uzito wake. Niliona aibu kwa niaba yake, nikageukia sahani yangu.

Bosi hakutupa vile vipande. Mtu yule hatupi kitu. Alivikusanya vyote, akavikunja, vifupi akavifungia mafurushi ya kuni, na kirefu kuliko vyote akamfungia mbuzi wake, jike, pale kwenye shina la mkaratusi wa uani. Kweupe kabisa, kamba inang'aa shingoni mwa mbuzi. Alisema mnaona, mali haipotei.

Siku chache baadaye tulikuwa tumeketi mchana, wote, tukisubiri chakula. Mama lishe alikuwa ameweka sinia la mchicha uliochambuliwa karibu na jiko. Mbuzi aliuona. Akanyoosha shingo, kamba ikamzuia. Akarudi nyuma hatua, akaruka mbele kama mbuzi wanavyoruka wakiudhiwa. Kamba ikakatika. Haikutoa hata sauti. Mbuzi alitembea mpaka kwenye sinia, kipande cheupe kinamning'inia shingoni, akaanza kula.

Mama lishe hakumfukuza. Hakuna aliyeinuka. Bosi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, na nilimsubiri, maana nilitaka kusikia mtu wa usalama atasema nini.

"Huyu mbuzi ana nguvu sana," akasema. "Nitamnunulia mnyororo."

Mwenzangu alikuwa ameshika sahani tupu. Alimtazama mbuzi, akautazama mkaratusi kutoka shinani hadi pale juu ambapo siku ile angefika, akaweka sahani chini. Kisha akanigeukia, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ya Sista.

"Mbuzi yule," akaniuliza polepole, "ana kilo ngapi?"